Sanamu Haina "-KA-": Visasili vya Kigiriki katika Uchongaji wa Ulaya na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Fasihi

Utangulizi

Makala haya yanahusu visasili vya Wagiriki wa kale na jinsi wachongaji wa Ulaya walivyovitumia katika sanamu zao. Huenda msomaji akauliza jambo hili linaingiaje katika jarida la idara ya Kiswahili. Jibu letu ni kwamba limeingia lenyewe, kwa mlango wa darasa. Tunapofundisha tamthilia ya tafsiri tunakutana na Mfalme Edipode, kazi ya Sophocles ambayo Samuel Mushi aliifasiri kwa Kiswahili na ambayo ilitoka mwaka 1971. Tunapofundisha tanzu za fasihi simulizi tunalinganisha visasili vya kwetu na vya wengine. Na tunapotaka wanafunzi waone kwa macho kile tunachosimulia, tunabandika ubaoni picha ya sanamu.

Katika kipindi kimoja cha namna hiyo ndipo tuliposhikwa. Tulikuwa tumebandika picha ya sanamu ya Laocoön, tukasimulia kisa chake kama alivyokieleza mshairi wa Kirumi Virgil, kisha tukatamka kwa uhakika kwamba sanamu hii "inaonyesha" kisa hicho. Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "umetuambia alipiga mayowe kama fahali. Mbona huyu mdomo wake haukufunguka?" Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tutalirudia swali hilo juma lijalo, na juma lijalo hatukulirudia.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Makala haya ni malipo ya deni hilo. Tutaeleza kwanza visasili hivi viliingiaje katika mawe na shaba za Ulaya, kisha tutalijibu swali la mdomo, na mwisho tutapendekeza namna ya kuzitumia sanamu hizi katika kufundisha lugha yenyewe.

Miungu tuliyokwisha kukutana nayo

Kisasili, kama tunavyowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ni hadithi ambayo jamii yake huichukulia kuwa ya kweli na takatifu, nayo hueleza asili ya mambo: ulimwengu, kifo, majira, desturi. Wagiriki wa kale walikuwa na visasili vingi, na Warumi walipovipokea waliwapa miungu majina ya kwao. Zeus akawa Jupiter, Poseidon akawa Neptune, Hades akawa Pluto, Athena akawa Minerva, Persephone akawa Proserpina. Ni vyema mwalimu akumbuke jambo hili mapema, kwa sababu sanamu nyingi za Ulaya hujulikana kwa majina ya Kirumi ilhali visa vyake vina mizizi Ugiriki.

Wala miungu hao si wageni kwetu kama tunavyodhani. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana na Zeus na Hermes katika Matendo ya Mitume sura ya 14, pale watu wa Listra wanapowadhania Barnaba na Paulo kuwa ndio hao wawili walioshuka. Katika sura ya 19 hukutana na Artemi wa Waefeso, pamoja na Demetrio mfua fedha, ambaye biashara yake ilikuwa kutengeneza vihekalu vya mungu huyo. Hapa Uganda, jina la Apolo, alilokuwa nalo Katikiro mashuhuri wa Buganda, Apolo Kagwa, limetoka kwa mwalimu wa Injili anayetajwa katika sura ya 18. Na jina la mwalimu huyo limetokana na la mungu Apollo. Hivyo mungu wa Kigiriki ameitwa kwa jina katika nyumba za Kikristo za nchi hii kwa zaidi ya miaka mia moja, na hakuna aliyeshtuka.

Kwa nini Wakristo walichonga miungu ya kale

Wachongaji tutakaowataja hawakuiabudu miungu hii. Wengi wao waliishi Italia kati ya karne ya 15 na ya 19, na waliowalipa walikuwa watawala, matajiri, hata makadinali wa Kanisa. Zipo sababu tatu kuu zilizowafanya wavirudie visasili hivi.

Sababu ya kwanza ni kitabu. Mshairi Ovid, aliyeandika kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya kwanza BK, alikusanya visa zaidi ya 200 vya watu na miungu waliobadilika maumbo, katika utenzi mrefu uitwao Metamorphoses. Kitabu hiki kilisomwa shuleni Ulaya kwa karne nyingi. Mchongaji na tajiri wake walivijua visa hivyo kama mwanafunzi wa pwani anavyovijua visa vya Abunuwasi.

Sababu ya pili ilitoka ardhini. Tarehe 14 Januari 1506, katika shamba la mizabibu mjini Roma, watu waliokuwa wakichimba waligundua sanamu ya marumaru ya mtu mzima na vijana wawili waliofungwa na nyoka. Papa Julius II alipopata habari alimtuma msanifu majengo Giuliano da Sangallo aende kutazama, na Michelangelo akaenda pamoja naye. Sanamu hiyo ilitambuliwa mara moja: Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alikuwa ameisifu katika kitabu chake na kuwataja wachongaji wake watatu wa kisiwa cha Rhodes, yaani Hagesandros, Polydoros na Athenodoros. Papa aliinunua, na hadi leo imo katika makumbusho ya Vatican. Ugunduzi kama huo uliwapa wachongaji vielelezo vya kushindana navyo.

Sababu ya tatu ni mwili. Kisasili kilimruhusu mchongaji kuonyesha mwili wa binadamu ukiwa uchi, ukikimbia, ukipigana, ukipenda na ukiumia, jambo ambalo sanamu za watakatifu hazikuliruhusu kwa kiasi hicho. Na pale ilipohitajika kujitetea, funzo la maadili liliongezwa. Sanamu ya Apollo na Daphne, iliyochongwa na Gian Lorenzo Bernini kwa ajili ya Kadinali Scipione Borghese, ilitiwa chini yake mistari miwili ya Kilatini inayoonya dhidi ya kukimbilia anasa zipitazo. Aliyeitunga, Maffeo Barberini, baadaye alikuwa Papa Urban VIII.

Mdomo wa Laocoön

Sasa tulirudie swali. Kisa chenyewe ni hiki. Wagiriki waliuzingira mji wa Troya kwa miaka kumi bila kuuteka. Mwishowe wakatengeneza farasi mkubwa wa mbao, wakawaficha askari tumboni mwake, wakajifanya wameondoka. Laocoön, kuhani wa Troya, aliwaonya wenzake wasiliamini zawadi hilo, na akaurusha mkuki wake ubavuni mwa farasi. Baadaye nyoka wawili wakubwa wakatoka baharini, wakawavamia wanawe, kisha wakamvamia yeye alipokuja kuwaokoa. Watu wa Troya wakadhani ni adhabu ya miungu, wakamwingiza farasi mjini, na mji ukaangamia.

Katika utenzi wa Virgil, kuhani huyu amevaa vazi lake la ibada, nyoka wamemzunguka kiuno na shingo, naye anapiga mayowe kama fahali aliyejeruhiwa madhabahuni. Katika sanamu yu uchi. Nyoka hawakumzinga kiunoni bali wamefunga miguu na mikono, ili kifua na tumbo vionekane vikijikaza kwa maumivu. Wanawe hawakutangulia kufa. Wote watatu wamekamatwa kwa pamoja. Na mdomo umefunguka kidogo tu, kama wa mtu anayeguna.

Mwaka 1755 mwanazuoni wa Kijerumani, Johann Joachim Winckelmann, alieleza kwamba mdomo huo unaonyesha ukuu wa roho: mtu mkubwa huyastahimili maumivu yake. Mwaka 1766 Gotthold Ephraim Lessing alimpinga katika kitabu alichokiita Laokoon. Hoja yake ni muhimu sana kwetu sisi walimu wa fasihi. Alisema kwamba Wagiriki hawakuona aibu kulia. Mashujaa wa Homer hulia, na Philoctetes wa Sophocles hupiga kelele za maumivu mbele ya watazamaji. Kwa hiyo sababu ya mdomo kufungwa haimo katika tabia ya kuhani, imo katika chombo cha msanii. Mshairi hutumia maneno, na maneno hufuatana katika wakati. Yowe la Virgil husikika katika mstari mmoja, likapita, hadithi ikaendelea. Mchongaji ana jiwe, na jiwe halipiti. Mdomo uliopanuliwa kwa yowe utabaki shimo katika uso wa marumaru siku zote.

Lessing aliongeza jambo la pili. Kwa kuwa mchongaji anapewa nukta moja tu ya wakati, inampasa aichague ile inayoliachia wazo la mtazamaji nafasi ya kutembea. Laocoön akiguna, sisi tunaweza kumsikia akipiga yowe. Akishapiga yowe, akili zetu hazina pa kupanda tena.

Hili ndilo jibu ambalo mwanafunzi wetu alistahili kupewa. Sanamu haikukosea kunakili utenzi, kwa sababu haikuwa ikinakili. Sisi tuliotumia neno "inaonyesha" ndio tuliokosea.

Tuongeze jambo moja la kuwafariji walimu wanaofundisha kwa picha zilizofifia za mashine ya kunakilia. Lessing mwenyewe alipoandika kitabu hicho hakuwa bado ameiona sanamu yenyewe Roma. Na sanamu iliyojulikana siku zake haikuwa kamili. Mkono wa kulia wa Laocoön haukupatikana mwaka 1506, na mafundi waliutengenezea mkono mwingine ulionyooka juu kwa ushujaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ludwig Pollak, mtaalamu wa mambo ya kale, aliutambua mkono wa asili mjini Roma. Ulikuwa umekunjwa nyuma ya kichwa, mkono wa mtu anayeelekea kushindwa. Ulirudishwa mahali pake mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa karne nne, basi, watu walisoma ushujaa ambao mchongaji hakuuweka. Tuwaambie wanafunzi wetu wautazame mwili wote kabla ya kutamka dhamira.

Viambishi vya njeo na nukta ya mchongaji

Kiswahili kinatupa njia rahisi ya kuieleza hoja ya Lessing, pengine rahisi kuliko Kijerumani chake. Msimulizi wa ngano huanza na "-li-", kisha huendelea na "-ka-": alitoka, akaenda, akamkuta, akamwambia. Kiambishi "-ka-" ndicho uti wa mgongo wa hadithi. Sanamu haina "-ka-". Mchongaji analazimika kuchagua: je, achonge "-na-", tendo likiwa linatendeka, au achonge "-me-", tendo likiwa limekwisha na hali yake imebaki?

Tutazame mifano. Antonio Canova, alipokuwa kijana Roma mwanzoni mwa miaka ya 1780, alitaka kuchonga kisa cha Theseus na Minotaur, jitu lenye kichwa cha fahali lililokula vijana wa Athens. Mchoraji Gavin Hamilton alimshauri asichonge pigano, bali achonge baada ya pigano. Canova alimkalisha Theseus juu ya maiti ya jitu hilo, ametulia, anatazama chini. Hii ni sanamu ya "-me-": ameua, amekaa, amechoka. Imo katika makumbusho ya Victoria and Albert mjini London. Miaka michache baadaye Canova huyo huyo alichonga Psyche akiamshwa kwa busu la Cupid, sanamu iliyomo Louvre, Paris. Hapo midomo haijakutana bado. Ni "-na-" iliyosimamishwa pumzi moja kabla ya "-me-".

Bernini ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Katika sanamu ya Apollo na Daphne, aliyoichonga kati ya mwaka 1622 na 1625 na ambayo bado imo katika jumba la Borghese, Roma, Apollo amemfikia Daphne aliyekuwa akimkimbia. Daphne amemwomba baba yake, mungu wa mto, amwokoe, naye anageuka kuwa mti wa laureli. Vidole vinatoa majani, miguu inaota mizizi, gome linapanda kiunoni. Majani hayo membamba yanayopitisha mwanga yalimhitaji fundi wa pekee, Giuliano Finelli, aliyefanya kazi katika karakana ya Bernini.

Na mdomo wa Daphne umefunguka wazi, anapiga yowe. Bernini aliivunja kanuni ya Lessing miaka 140 kabla haijaandikwa, na sanamu haikuharibika. Aidha, kwa maelezo ya wanahistoria wengi wa sanaa, hapo awali iliwekwa ili anayeingia amwone kwanza Apollo kwa nyuma, kisha azunguke na kuuona mgeuko wa Daphne kidogo kidogo. Tukilieleza kwa Kiswahili, Bernini hakuwa na "-ka-" katika jiwe, akaiomba kwa miguu ya mtazamaji. Kwa hiyo kanuni ya Lessing ichukuliwe kama swali la kuiuliza kila sanamu. Ikichukuliwa kama sheria, tutawahukumu wachongaji ambao walijua walichokuwa wakifanya.

Chombo nacho husema

Hatuwezi kuzungumzia uchaguzi wa mchongaji bila kugusa vifaa vyake. Mchonga marumaru hupunguza. Kwa nyundo, patasi na keekee huondoa jiwe mpaka umbo libaki, na alichokiondoa hakirudi. Msubu shaba nyeusi kazi yake ni tofauti. Hutengeneza kiini cha udongo, hukivika nta yenye umbo kamili, huifunika nta kwa kalibu la udongo, kisha hupasha moto. Nta huyeyuka na kutoka, na madini yaliyoyeyushwa humiminwa mahali ilipokuwa. Mbinu hii waliijua pia mafundi wa Ife na Benin katika Nigeria ya leo.

Benvenuto Cellini alitumia shaba nyeusi kwa sanamu ya Perseus akiinua kichwa cha Medusa, aliyoifanya Firenze kati ya mwaka 1545 na 1554 kwa agizo la mtawala Cosimo wa Kwanza wa ukoo wa Medici. Katika tawasifu yake Cellini anasimulia kwamba siku ya kusubu alikuwa kitandani na homa, madini yakaganda tanurini. Akainuka, akaongeza kuni za mwaloni, kisha akatupa ndani vyombo vya mezani vya bati, kama 200 hivi, mpaka madini yakatiririka. Tunamwachia msomaji aamue sehemu ipi ni chumvi ya msimulizi. Ni tawasifu, na tawasifu nayo ni utanzu wenye kanuni zake.

Medusa, kama inavyojulikana, aliyemtazama usoni aligeuka jiwe. Cellini alijua sanamu yake ingesimama katika uwanja uliokuwa tayari na David ya Michelangelo, ambayo leo mahali pake pana nakala, pamoja na Hercules ya Bandinelli. Zote mbili ni za marumaru. Shaba imeinua kichwa cha Medusa, na majirani wote wamegeuka mawe. Mzaha huo hauwezekani kwa maneno matupu.

Kichwa cha nani, na kwa kitenzi gani

Lipo jambo ambalo mwalimu hapaswi kulikwepa. Visa vingi kati ya hivi ni visa vya wanawake wanaokimbizwa, wanaokamatwa na wanaoadhibiwa. Bernini alichonga Pluto akimbeba Proserpina kwa nguvu mwaka 1621 hadi 1622. Vidole vya Pluto vinazama katika paja la marumaru kana kwamba ni nyama, na chozi limesimama shavuni mwa binti. Watu husifu ufundi wa vidole na kusahau chozi.

Hapa lugha yetu inatudai uangalifu. Tuwape wanafunzi kazi ya kuiandikia sanamu hiyo maelezo mafupi. Mmoja ataandika "Pluto akimtorosha Proserpina". Mwingine ataandika "akimnyakua", wa tatu "akimteka". Kutorosha huweza kudokeza kwamba binti alikubali. Kunyakua ni kwa kasi na ghafla. Kuteka ni kwa nguvu za adui. Kila kitenzi ni hukumu. Mfasiri anayeandika maelezo ya makumbusho, mwanahabari anayeandika kesi ya mahakamani na mzee anayesuluhisha ugomvi wa ndoa wote hukutana na uchaguzi huu huu.

Medusa naye ana upande wake. Ovid anasimulia kwamba alikuwa msichana mzuri aliyenajisiwa na Neptune ndani ya hekalu la Minerva, na aliyeadhibiwa kwa kugeuzwa nywele kuwa nyoka ni yeye, si Neptune. Mwaka 2008 Luciano Garbati, mchongaji wa Argentina mwenye asili ya Italia, alikigeuza kisa cha Cellini. Katika sanamu yake Medusa amesimama na upanga, ameshika kichwa cha Perseus. Mwaka 2020 sanamu hiyo iliwekwa kwa muda katika bustani moja ya New York, mkabala na mahakama ya jinai, na mjadala ukazuka. Wapo waliouliza kwa nini akishike kichwa cha Perseus na si cha Neptune. Swali hilo ni la uhakiki halisi, na linaonyesha kwamba kisasili kikichongwa hakifungwi.

Mapendekezo kwa mwalimu

Kwa kuzingatia tuliyoeleza, tunapendekeza hatua zifuatazo darasani.

Kwanza, picha itangulie kisa. Wanafunzi waandike wanachokiona, sentensi tano, bila kuruhusiwa kutumia "-ka-". Pili, mwalimu asimulie kisa, nao wakiandike upya kwa "-li-" na "-ka-". Tatu, walinganishe maandiko mawili na kueleza mchongaji alichagua nukta ipi, aliacha nini kabla yake na nini baada yake. Nne, wachague kitenzi cha maelezo na kukitetea. Tano, wachukue kisasili cha kwao, kwa mfano kisa cha Kintu na Nambi, wajiulize: kama tungepewa gogo la mvule na patasi, tungechonga nukta gani? Nambi akirudi kuchukua mtama wa kuku, au Walumbe akiwa amekwisha kumfuata?

Zoezi hili la mwisho tumelijaribu. Darasa liligawanyika, wengine wakitaka "-na-" na wengine "-me-", na kengele ililia kabla hawajapatana.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba visasili vya Kigiriki viliingia katika uchongaji wa Ulaya kwa njia ya vitabu, kwa ugunduzi wa sanamu za kale na kwa hamu ya kuuonyesha mwili. Kwamba mchongaji haiigi hadithi bali huchagua nukta yake moja. Na kwamba viambishi vya njeo vya Kiswahili vinaweza kutusaidia kuuona uchaguzi huo. Yule mwanafunzi aliyeuliza juu ya mdomo alikwisha kuhitimu, naye sasa anafundisha. Tunatumaini makala haya yatamfikia, ingawa yamechelewa. Tunawaomba walimu wenzetu watakaolijaribu zoezi la Kintu na Nambi watuletee maandiko ya wanafunzi wao, ili tuyajadili katika toleo lijalo.